Kundi la vichekesho vya papo kwa papo: toka duara la kwanza hadi jukwaani

Mahitaji ni machache: watu wanane hadi kumi na wawili, viti viwili, chumba ambacho mnaweza kupiga kelele bila jirani kubisha hodi, na simu ya kuhesabia dakika. Wakizidi kumi na wanne, kila mmoja atacheza mara mbili tu jioni nzima na waliobaki wataanza kuchati. Kikao ni saa mbili, mara moja kwa wiki. Mtu mmoja hachezi: yeye ndiye mwongozaji, anatazama, anakatisha, anasahihisha. Kundi lisilo na mwongozaji huishia waigizaji kusahihishana wenyewe, na ugomvi hauko mbali.

Michezo mingi ya mazoezi asili yake ni Chicago, kwa Viola Spolin, ambaye mwanawe Paul Sills alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la vichekesho la The Second City mwaka 1959. Mwingine ni Keith Johnstone, Mwingereza aliyehamia Calgary, Kanada, na kuanzisha kundi la maigizo la Loose Moose mwaka 1977. Kwetu jambo lenyewe si geni sana. Vichekesho vya vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam na maigizo ya kundi la Mufwankolo kule Lubumbashi yalijengwa juu ya kisa kilichokubaliwa, bila maneno yaliyoandikwa. Tofauti ni kwamba hapa hata kisa hakuna.

Dakika 20 za masikio

Anzeni na kofi la duara: unamtazama mtu machoni, unagonganisha viganja kumwelekea, anapokea kofi hilo na kulituma kwa mwingine. Dakika tano zatosha. Halafu nendeni kwenye hadithi ya neno moja moja, mchezo ambao Kiswahili kimeupendelea.

Kila mtu anatoa neno moja kwa zamu. Wa kwanza anasema "Kisu". Wa pili alishajiandalia "yangu" kichwani, akitarajia nyumba au simu, na kabla hajajizuia limeshamtoka: "kisu yangu". Duara zima linaangua kicheko. Mwenye kusikiliza angesema "changu" au "cha", na hadithi ingeendelea: kisu, cha, mjomba, kilipatikana, msikitini. Ngeli humuumbua papo hapo asiyesikiliza, na hakuna mwongozaji anayeweza kusahihisha kwa kasi hiyo. Aliyekosea anyanyue mikono, ainamishe kichwa kama aliyeshinda, apigiwe makofi, muanze upya. Hilo msiliruke mkidhani ni utoto. Mtu anayeogopa kukosea anashughulika na woga wake, hamsikii mwenzake.

Ofa haikataliwi

Lolote mwenzako analosema au kulifanya jukwaani ni ofa. Kama ofa ya baa, unaipokea, na adabu ni kuongeza ya kwako raundi inayofuata.

— Mama Asha, maji ya bomba yamerudi!
— Mimi si Mama Asha, na hapa hakuna bomba.

Kipande kimekufa. Watazamaji huenda wakacheka, lakini watamcheka mwigizaji wa kwanza aliyeachwa uchi, na mstari wa tatu hautapatikana. Sasa hivi:

— Mama Asha, maji ya bomba yamerudi!
— Yamerudi na rangi ya chai. Lete sukari.

Wanaoanza huchanganya kupokea ofa na kukubali ombi. "Baba, nipe nauli." "Sikupi hata mia." Hapo ofa imepokewa yote: yeye ni baba, hela anazo, na ni bahili. Kilichokataliwa ni nauli tu.

Ugonjwa mwingine wa wiki tatu za kwanza ni maswali. "Unafanya nini?" "Hiki ni nini?" Anayeuliza anamtwika mwenzake mzigo wote wa kubuni. Dawa yake ni vipande kumi vya dakika moja ambamo maswali ni marufuku. Ukiuliza, unatoka, mwingine anaingia mahali pako na kuendelea palepale.

Salamu ni nusu ya kazi

Mistari mitatu ya mwanzo imjulishe mtazamaji hawa ni nani, wako wapi na kuna nini kati yao. Kwa Kiingereza hilo huhitaji maelezo. Sisi tuna shikamoo. Ikijibiwa haraka, tumejua nani mkubwa. Marahaba ikicheleweshwa sekunde tatu, tayari kuna kesi. Neno "shemeji", "wifi" au "mkwe" linafungua mlango wa nyumba nzima pamoja na madeni yake. Zoezi: wawili wawili, dakika moja, salamu na kujuliana hali tu, hakuna kingine. Mwishoni waliokaa waseme nani anamdai nani. Mara nyingi watakuwa wamepatia.

Baada ya hapo ongezeni karata za hadhi. Kila mtu anashika karata moja kwenye paji la uso bila kuiona. Wekeni shughuli ya harusi, dakika tatu, kila mmoja amtendee mwenzake kulingana na karata anayoiona, kisha wajipange kutoka wa chini hadi wa juu kwa kukisia. Kosa la kawaida ni kumpigia magoti mwenye mfalme na kumfokea mwenye mbili. Hadhi huonekana vizuri zaidi katika vidogo: nani anakaa kwanza, nani anakatizwa akiongea, nani anapewa kiti chenye mguu mbovu.

Mbuzi isiyoonekana

Vifaa havitumiki, vyote ni vya hewani, na hapa ndipo wavivu hujulikana. Chukueni kukuna nazi. Mwigizaji anakaa juu ya mbuzi, kwa hiyo anakaa chini sana na magoti yamepanda. Mikono miwili inashika nusu ya nazi yenye mviringo, ina unene, vidole haviwezi kukutana. Inasukumwa kwenye meno ya mbuzi na kuzungushwa kidogo kidogo, la sivyo utakuna mahali pamoja hadi kwenye kifuu. Chini kuna sinia. Mtu akimaliza, akainuka na kupita katikati ya sinia, watazamaji wote wameona, hata wale wasioweza kusema wameona nini. Kila mtu akune dakika mbili bila kuongea. Mazungumzo yaje baadaye, mikono ikiendelea. Utashangaa jinsi mtu mwenye kazi mikononi anavyoacha kutafuta utani.

Kukata

Kipande kikatwe kinapochekesha zaidi, kisisubiri kupoa. Kuna njia mbili. Ama aliye pembeni anakimbia mbele ya jukwaa upande hadi upande, waliokuwapo wanaondoka, kipande kipya kinaanza. Au anamgusa mmoja begani na kuchukua nafasi yake, na anayebaki haachi uhusika wake. Tatizo letu hapa ni adabu: watu husubiri wenzao "wamalize". Pangeni vipande 12, kila kimoja kikatwe ndani ya sekunde 60, na kila mtu akate angalau kimoja.

Na ukiona mwenzako amekwama, ingia hata kama huna la kusema. Ingia uwe mti, uwe mlango unaolia. Furaha kubwa ya mchezo huu, na sababu ya watu kurudi wiki baada ya wiki, ni kujua kwamba hutaachwa peke yako pale mbele.

Yapo ya kukubaliana kabla ya kikao cha kwanza: nani hataki kuguswa wapi, na kwamba neno "simama" linasimamisha kila kitu bila maelezo. Tunashauri pia lafudhi za makabila na wanaume kujifunga kanga zipigwe marufuku miezi miwili ya mwanzo. Kicheko chake ni cha mkopo. Mwigizaji aliyezoea kukikopa hajifunzi kingine.

Onyesho

Wiki ya tisa alikeni ndugu na marafiki wasiozidi 30, mcheze dakika 40. Msikimbilie Harold, ule mtindo uliochezwa mara ya kwanza California mwaka 1967, ambamo kwa kawaida visa vitatu hurudi mara tatu na michezo ya kundi zima ikiwekwa katikati. Kumbukumbu zenu bado changa. Vipande vifupi vinatosha.

Mkiomba neno kwa watazamaji, msiseme "tupeni neno lolote". Mtapewa "choo". Ulizeni kitu mahususi: "Nyumbani kwenu kuna kifaa gani hakuna aruhusiwaye kukigusa?" Chukueni jibu la kwanza, lirudieni kwa sauti ili wa nyuma walisikie, muanze kabla ya sekunde tano kupita.

Mtu wa taa awe mmoja wa waliofanya mazoezi nanyi, maana ndiye atakayezima kwenye kicheko kikubwa na kuwaokoa msiendelee dakika mbili zaidi. Masahihisho yasubiri kikao kijacho, mistari miwili kwa kila mtu, kutoka kwa mwongozaji pekee. Usiku ule ni kahawa na kashata, na mtu wa taa achague kwanza.