Kabla Hujafunga Bafu Kwenye Basi la Kuishi: Anza na Maji Yanayotoka

Mabasi ya njano ya shule za Marekani yakizeeka huuzwa kwa mnada, na wapo watu wanaoyanunua, wakang'oa viti na kuyageuza nyumba za kuishi. Kitanda, kabati na meza ni kazi ya seremala, na zikikosewa hurekebishwa siku hiyohiyo. Bafu ni habari nyingine. Maji yakivuja ndani ya basi huingia chini ya plaiwudi, yakatulia juu ya bati la sakafu, na hutayaona mpaka kutu imekula chuma. Ndiyo maana nawasihi wote wanaopanga kazi hii: msianze kwa kuchagua shawa. Anzeni kwa kuuliza maji yakishatoka mwilini yataenda wapi, yatakaa ndani ya nini, na yatamwagwa wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayoamua mambo mengine yote, kuanzia ukubwa wa matangi mpaka upande wa basi utakapokaa ukuta wa bafu.

Piga hesabu ya maji kwanza. Shawa inayouzwa Marekani hairuhusiwi kisheria kutoa zaidi ya galoni 2.5 kwa dakika, yaani kama lita 9.5. Ukiiachia dakika 8 umekwisha kutumia lita 76, na hizo ni za mtu mmoja. Sisi tuliokulia kwenye ndoo na kopo tunajua kwamba mtu mzima anatakata kwa lita 15, na elimu hiyo ndiyo ya kuingia nayo kwenye basi. Nunua shawa ya galoni 1.5 kwa dakika, yenye swichi ya kuzimia maji mkononi: unajilowanisha, unafunga, unajisugua, unafungua kujisuuza. Maji yakitiririka dakika 3 kwa jumla, ni lita 17. Watu wawili ni lita 34 kwa siku. Ongeza lita 20 za kupika, kunywa, kuosha vyombo na kupiga mswaki, unakaribia 55. Tangi la galoni 60, ambalo ni lita 227, litawatosha siku 4.

Sasa rudi kwenye maji machafu. Wengi huweka tangi kubwa la maji safi na kijitangi cha maji ya bafuni kilichobanwa popote palipobaki nafasi. Matokeo yake ni kwamba kijitangi kinajaa wakati tangi la maji safi bado lina nusu, na mtu analazimika kufunga safari kwenda kumwaga. Fanya matangi mawili yakaribiane kwa ujazo. Kuhusu pa kumwaga, Marekani kuna vituo maalumu kwenye kambi nyingi za watalii na baadhi ya vituo vya malori, unaunganisha mpira mnene na kuachia maji yaingie kwenye mfumo wa majitaka. Kumwaga ovyo ardhini ni kosa kwenye hifadhi za taifa, na kwingineko sheria hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo. Ujue sheria za njia unayokusudia kupita kabla hujanunua tangi, kwa sababu mtu atakayekaa kwenye kambi yenye huduma zote na mtu atakayekaa wiki nzima jangwani hawahitaji bafu la aina moja.

Kisha uzito. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi hilo la lita 227 likijaa ni kama kupakia gunia mbili na ushee za mahindi mahali pamoja. Basi la shule lina mkia mrefu nyuma ya ekseli ya mwisho, na uzito ukiwekwa huko unainua mbele na kupunguza mshiko wa usukani. Weka matangi kati ya ekseli, chini kadiri inavyowezekana, na ukiweka maji upande wa dereva, jiko na betri viende upande wa mlango. Tangi lifungwe ndani ya fremu ya chuma iliyoshikwa kwa bolti kwenye chesisi. Mikanda ya kufungia mizigo peke yake haitoshi: siku utakayokanyaga breki za ghafla, kilo 227 zitataka kuendelea na safari.

Kabla ya kutoboa sakafu, ingia chini ya basi. Zima injini, weka kabari kwenye magurudumu, chukua tochi na chaki, ulale chali uangalie taratibu. Katikati utaona propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Kando yake kuna ekzosi, tangi la dizeli, mafungu ya nyaya, na kama basi lina breki za upepo, mipira na mabomba ya upepo yamepita yakikumbatia chesisi. Juu yake kuna vyuma vya kukingama vinavyobeba sakafu, na tundu la bafu haliwezi kuangukia juu ya chuma hicho. Chora kwa chaki sehemu zilizo wazi. Ukirudi ndani, toboa kwanza kwa keekee nyembamba, pitisha waya kwenye kitundu, shuka tena uone waya umetokea wapi. Ukiridhika ndipo ulete msumeno wa duara. Inaonekana kama kupoteza muda, lakini ukikata bomba la upepo, basi halitasogea mpaka litengenezwe, kwa kuwa breki za nyuma hujifunga zenyewe presha ikiisha. Na ukitoboa tangi la dizeli, kazi ya bafu imeahirishwa mwezi mzima.

Ukiwa bado kwenye sakafu, ng'oa plaiwudi ya zamani yote. Usikubali kujenga juu yake hata kama juu inaonekana nzima. Viti vya shule hufungwa kwa bolti zinazopenya bati, na matundu yake hupitisha maji ya barabarani kwa miaka. Sugua kutu, paka dawa yake, ziba kila tundu, paka rangi ya kinga. Baada ya trei ya shawa, lile sinia la chini unalosimama ukioga, kukaa, hutapafikia tena.

Urefu wa ndani huwadanganya watu. Mabasi mengi ya shule yana kimo cha takriban sentimita 183 katikati, mengine hufika 198, na paa limepinda, kwa hiyo karibu na dirisha kimo kinashuka. Toa unene wa kinga ya joto juu na chini, toa na kimo cha trei. Mtu wa sentimita 180 anaweza kujikuta akioga ameinamisha shingo kila siku. Simama peku mahali bafu litakapokaa, nyanyua mikono kama unayeosha nywele, mwenzako apime. Kama hapatoshi, unaweza kusogeza bafu kuelekea katikati ya basi, au kutumia shawa ya mkono na kukaa kwenye kigoda. Kuinua paa zima kunawezekana pia, lakini hiyo ni kazi ya mchomeleaji mzoefu na ina gharama yake. Vilevile angalia usije ukaziba mlango wa dharura wa nyuma kwa ukuta wa bafu bila kuacha njia nyingine ya kutokea moto ukizuka.

Mteremko wa bomba la kutolea maji uwe kama sentimita 2 kwa kila mita, na uhesabu ukiwa umepaki mahali tambarare, kwa sababu nyumba hii hailali sawa siku zote. Ule mkunjo wa bomba unaobaki na maji ili kuzuia harufu una shida mbili ndani ya gari: maji yake humwagika kwa mtikisiko, na unahitaji nafasi chini ya trei ambayo huna. Ipo valvu ya bomba lililonyooka yenye utando wa silikoni ndani, unaofunguka maji yakipita na kujifunga yakiisha. Kwa basi naipendelea hiyo. Na kila tangi, la maji safi na la machafu, lazima liwe na bomba dogo la kupumulia linalotokea nje. Bila hilo maji yatagoma kushuka, au tangi litajikunja pampu inapovuta.

Kwa mabomba ya maji safi, tumia PEX ya nusu inchi, ile plastiki inayopindika, iliyothibitishwa kwa maji ya kunywa. PVC ya gundi hupasuka kwenye viungo kwa mtikisiko, na PPR tunayoichomea kwenye nyumba za Nairobi na Dar es Salaam ni ngumu mno kwa mwili wa gari unaojipinda kila unapopanda tuta. Jiko na bafu vishirikiane ukuta mmoja, au vitazamane. Njia ya maji moto ikiwa fupi, maji ya baridi unayoyaachia yapite kabla hujaoga yanapungua. Pampu ya volti 12 inayojiwasha bomba likifunguliwa inatosha. Iwekee chujio kabla yake, fyuzi yake, na swichi mahali pa kuonekana. Ukitoka, zima swichi. Kiungo kikivuja ukiwa sokoni, pampu iliyoachwa wazi itamaliza tangi zima sakafuni. Na ukiunganisha maji ya kambini, pitisha kwanza kwenye kidhibiti presha, kwani presha ya baadhi ya kambi hupasua viungo.

Hita ya maji ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko yote. Ile shawa ya umeme ya papo hapo iliyozoeleka kwenye nyumba zetu hula kama kilowati 5. Isahau kabisa kwenye betri za basi. Hata kupasha lita 23 kutoka nyuzi 10 hadi 50 kunahitaji uniti moja na kidogo ya umeme, na paneli za wati 400 kwenye siku ya jua zuri hukupa kama uniti 2 hivi, ambazo friji na taa zinazisubiri. Kwa hiyo wengi huishia kwenye gesi, na hapo ndipo watu hufa. Kuna hita za gesi za bei nafuu zilizotengenezwa kufungwa nje, uwanjani, zikining'inia kwenye mti. Mtu huifunga ndani ya bafu la basi, anafunga mlango ili asipigwe baridi, na kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu inajaa. Nunua hita iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ya kuishi, inayovuta hewa nje na kutoa moshi nje, au usinunue kabisa na uchemshe maji kwenye sufuria. King'ora cha kaboni monoksidi kiwe karibu na kitanda, na viungo vya gesi vipimwe kwa povu la sabuni kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Jambo dogo la kujua mapema: hita isiyo na tangi huzimika kila ukifunga shawa kujisugua, na ukifungua tena unapata maji ya baridi kidogo ndipo joto lirudi. Anayeoga kwa vituo, kama nilivyoshauri, atafurahia zaidi hita ndogo yenye tangi la galoni 6.

Kwa atakayekaa kwenye majimbo yenye barafu, maji yanapoganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. PEX huvumilia, lakini viungo vyake, pampu na hita havivumilii. Tangi la maji safi likae ndani penye joto, na sehemu ya chini kabisa ya mfumo iwe na koki ya kumwagia maji yote. Dawa ya kuzuia kuganda iwe ya propilini glikoli. Ile ya rejeta ya gari mara nyingi ni ethilini glikoli, nayo ni sumu.

Kuta za bafu ziwe za shiti za faibaglasi au PVC. Vigae vinapendeza, lakini mwili wa basi unajinyonga na saruji ya katikati yao hupasuka, kisha unyevu unaingia nyuma usikouona. Pembe zote zizibwe kwa gundi inayonyumbuka, na feni ya kutolea mvuke iwekwe juu ya bafu lenyewe. Mara nyingi tundu la dharura la paani linaweza kuipokea, mradi umebakisha njia nyingine za kutokea.

Upande wa sheria, kanuni za Marekani hulitambua gari kuwa nyumba likiwa na angalau vitu 4 kati ya 6: jiko, friji, choo, kipasha joto au kiyoyozi, maji safi yenye bomba na sinki, na umeme wa kujitegemea au gesi. Kazi yako ya mabomba inaweza kukuhesabia kimoja au viwili, kwa hiyo uliza ofisi ya usajili ya jimbo lako wanataka kuona nini, kisha piga picha kila hatua.

Kabla hujafunga kuta, safisha mfumo: robo kikombe cha jiki isiyo na manukato kwa kila galoni 15, pitisha kwenye mabomba yote, acha saa kadhaa, kisha suuza mpaka harufu iishe. Jaza trei maji uiache usiku kucha. Acha pampu iwake usiku huohuo mabomba yote yakiwa yamefungwa. Ukiisikia inanguruma yenyewe, kuna mahali panavuja. Asubuhi lipeleke basi kwenye barabara mbovu matangi yakiwa yamejaa, kisha rudi upangusie kila kiungo kwa karatasi kavu ya chooni, ambayo huonyesha tone lisiloonekana kwa macho. Vikiwa vikavu, piga picha mabomba ukiwa umelaza futi ya kupimia kando yake, ndipo ufunge kuta, na kila penye kiungo acha kidirisha kinachofunguka kwa bisibisi.