Barua ya kudai malipo halmashauri: namna ya kuiandika ipokelewe na isipotee

Kazi umemaliza, hati ya makabidhiano imesainiwa, ankara umeiacha, na fedha haziji. Ukienda kuuliza, mtu wa uhasibu atakwambia bila kuinua macho: "Lete barua." Mwongozo huu ni wa barua hiyo. Unamhusu fundi, mzabuni mdogo, mama lishe aliyelisha semina ya siku mbili, na yeyote mwenye LPO (hati ya kuagiza kazi au bidhaa) mkononi na deni kichwani. Mimi nimetoka kuipita njia hii juzi juzi katika halmashauri ambayo sitaitaja, maana bado natafuta kazi kwao.

Kabla ya kuandika neno lolote, jua kwamba barua yako haiendi kwa Mkurugenzi. Inakwenda masjala, ofisi inayopokea barua na kutunza majalada. Pale inapigwa muhuri, inaandikwa kwenye rejista, inatafutiwa jalada, ndipo inapanda juu. Siku hizi ofisi nyingi zinaiskani na kuisukuma kwenye e-Office, mfumo wa majalada wa kompyuta, lakini karani anayeipokea hana muda wa kusoma kurasa zako mbili za masikitiko. Anatazama imetoka kwa nani, inahusu nini, ina kumbukumbu gani. Vikikosekana hivyo, barua itawekwa kwenye jalada lolote lililo karibu, na utakapokuja kuulizia utaambiwa "faili halionekani". Faili lipo. Barua yako tu ndiyo haimo.

Tuanze na anayeandikiwa. Halmashauri ya wilaya ina Mkurugenzi Mtendaji. Manispaa na jiji, Mkurugenzi wa Manispaa au wa Jiji. Huyo ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha. Watu wengi wanamwandikia Mkuu wa Wilaya kwa sababu ndiye wanayemwona jukwaani. Mkuu wa Wilaya halipi madeni ya halmashauri. Ataisukuma barua kwa Mkurugenzi na wewe utakuwa umepoteza wiki kadhaa. Kwa wizara, andika kwa Katibu Mkuu, si Waziri. Kwa mkoa, Katibu Tawala wa Mkoa. Tena andika cheo, usiandike jina la mtu. Wakurugenzi wanahamishwa, na barua yenye jina la aliyehama hakuna anayetaka kuifungua.

Anwani ihakiki. Baada ya serikali kuhamia Dodoma, zipo barua zinazoendelea kuelekezwa kwenye masanduku ya Dar es Salaam kwa sababu mtu amenakili anwani kutoka kwenye barua ya zamani. Nakili kutoka kwenye LPO yako, au kwenye tovuti yao yenye .go.tz.

Sasa K.K., sehemu iliyonila nauli kuliko zote.

K.K. ni "kupitia kwa". Kama kazi uliifanya shuleni au zahanati lakini LPO imetolewa na makao makuu ya halmashauri, barua inapita kwanza kwa mkuu wa kituo kile, naye anaandika maoni yake, anasaini na kugonga muhuri. Ukiiruka hatua hii, Mkurugenzi ataandika pembeni "apate maoni ya Mkuu wa Shule", na barua itateremka yenyewe kwa mwendo wake. Lakini ukiiweka K.K. kwenye barua bila saini ya mhusika, masjala wanaikataa hapo hapo dirishani. Kwa hiyo kupiga chapa maneno hayo hakutoshi. Ni safari.

Mimi nilikuta Mkuu wa Shule yuko likizo. Makamu wake, mwalimu mpole kabisa, akasema hawezi kusaini jambo ambalo hakulianza. Nikamwonyesha hati ya makabidhiano yenye saini yake mwenyewe kama shahidi. Akaisoma, akaisifia, akanirudishia. "Msubiri mwenyewe, kaka." Bodaboda kutoka barabara kuu hadi pale si ya bei ya mjini, na mwenyewe alikuja kurudi muhula ulipofunguliwa.

Dawa yake ni hii: siku unayokabidhi kazi, nenda na barua ya madai ikiwa imeshachapwa. Siku hiyo mkuu wa kituo yupo, amefurahi, muhuri uko mezani kwa ajili ya hati ya makabidhiano. Aipitishe hapo hapo. Ukilipwa mapema, barua hiyo utafungia vitumbua. Na mwachie nafasi ya vidole vinne pembeni ya anwani ya K.K. ili aandike maoni yake pale. Bila nafasi ataandika nyuma ya karatasi, na anayeskani huwa hageuzi nyuma.

Jambo jingine: tazama LPO imetolewa na nani. Kama shule ilinunua kwa fedha za akaunti yake, mlipaji ni shule, na barua inaandikwa kwa Mkuu wa Shule moja kwa moja. Wapo watu wanaozungushwa halmashauri kwa deni ambalo halmashauri haina habari nalo.

Kumbukumbu namba jitungie mwenyewe hata kama ofisi yako ni meza moja chini ya mwembe. Herufi za jina la biashara, mkwaju (/), namba. Wakikujibu watasema "rejea barua yako yenye Kumb. Na. fulani", na wewe utakapokumbushia utakuwa na cha kushika.

Kichwa cha barua ndicho kinachoamua jalada. "YAH: MAOMBI" hakisemi lolote. "YAH: MALALAMIKO" ndiyo mbaya zaidi, maana utapelekwa dawati la malalamiko, ambako hawaandai malipo. Weka kiasi, kazi, mahali na namba ya LPO. Yangu ilikaa hivi, namba nimezibadilisha:

Kumb. Na. MF/MAD/07
14 Aprili, 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya …,
S.L.P. …

K.K. Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari …

YAH: MADAI YA MALIPO YA SH. 3,480,000/= KWA UKARABATI WA MADAWATI 116, SHULE YA SEKONDARI …, LPO NA. …

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

2. Tarehe … nilipokea LPO Na. … ya kukarabati madawati 116 kwa bei ya Sh. 30,000/= kila moja. Kazi ilikamilika na kukabidhiwa tarehe … (Kiambatisho A).

3. Ankara Na. … iliwasilishwa tarehe … (Kiambatisho B). Hadi leo malipo hayajafanyika.

4. Kwa barua hii naomba kulipwa Sh. 3,480,000/= (shilingi milioni tatu, laki nne na elfu themanini tu) kupitia akaunti iliyoandikwa kwenye ankara.

5. Naomba kuwasilisha.

Umeona aya ya kwanza haina namba, zinaanzia 2. Ndivyo barua za serikali zinavyoandikwa, na ukiandika hivyo karani anakuona mwenzake. Hakuna "Mpendwa", hakuna "habari za kazi, natumaini u mzima". Hali ngumu ya maisha, ada za watoto na mkopo wa benki viache nyumbani; ni vya kweli, lakini havina kiambatisho.

Saini kwa kalamu ya bluu, chini yake jina kamili na cheo, halafu muhuri wa biashara kama unao. Ukurasa mmoja. Ukichapisha stesheni, yaani duka la kuchapa na kutoa kopi, soma karatasi nzima kabla ya kulipa. Vijana wa stesheni wana barua moja wanayoibadilisha tangu enzi, na nimeshaona dai la mabati likiwa na kichwa cha kuomba uhamisho wa mwalimu.

Nakala. Barua ya kwanza usiipe nakala kwa TAKUKURU, Waziri Mkuu na vyombo vya habari. Utaonekana umekuja kugombana, na kila atakayeigusa ataogopa kuandika chochote juu yake. Mkuu wa Shule anatosha.

Peleka mwenyewe kwa mkono, na uende na nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe unaondoka nayo. Ukiambiwa "acha tu hapo, dada", usiache. Ukiambiwa mwenye muhuri kaenda chai, msubiri. Chai ya saa nne ina mwisho, ingawa si saa nne na nusu. Usiondoke bila kuuliza namba ya jalada, iandike kwa penseli kwenye nakala yako.

Baada ya hapo, ukirudi usiulize "barua yangu imefikia wapi?" Jibu litakuwa "inafanyiwa kazi". Uliza jalada namba fulani liko kwa nani. Kwa kawaida Mkurugenzi huwa ameshaandika maelekezo kwa Mweka Hazina, na hapo unajua mlango wa kugonga. Ukiambiwa mfumo unasumbua, inawezekana ni kweli. Lakini tazama kalenda: mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na Juni yenyewe wahasibu hawana masikio. Dai lako liwe limefika mapema.

Ukikaa bila jibu, andika ya pili, fupi kuliko ya kwanza: "Rejea barua yangu Kumb. Na. … iliyopokelewa ofisini kwako tarehe …", ukiambatisha ile nakala yenye muhuri. Hapo nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa inaruhusiwa. Zaidi ya hapo ni kazi ya wakili, kwa sababu halmashauri haishtakiwi mpaka ipewe notisi ya siku 90, na nakala yake iende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Fedha zikiingia, zitakuwa pungufu ya ulizoandika. Ni kodi ya zuio: asilimia 2 kwa bidhaa, 5 kwa huduma. Omba cheti chake siku hiyo hiyo, na ukiambiwa uandike barua ya kukiomba, namba ya jalada unayo.