Just Dance: tazama mwaka kwenye kava kabla hujalipa

Wapwa zangu hucheza Just Dance, gemu ya video ya kudansi mbele ya runinga, sebuleni kwangu Tabata kila likizo, kwa hiyo ndugu na majirani huja kuniuliza: ninunue ya dukani au nipakue? Mimi huwauliza kwanza wanataka toleo la mwaka gani.

Mpaka toleo la 2022, ya dukani ni gemu yenyewe: diski ya PlayStation au Xbox, ama kadi ndogo ya Switch, mashine ya gemu ya Nintendo. Kuanzia la 2023, kasha ni lile lile na picha za wachezaji zinang'aa, ila ukilifungua unakuta karatasi yenye msimbo wa kupakulia. Diski hamna. Ligeuze kasha, soma maandishi madogo, ndipo utoe hela. La mtumba la 2023 au 2024 achana nalo kabisa, kwani msimbo ukishatumika haurudi tena.

Halafu msimbo hufuata nchi ya akaunti ya mashine yako. Wengi huku tumefungua akaunti za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Msimbo wa Ulaya ukiuingiza kwenye akaunti ya Marekani, unakataliwa. Muulize muuzaji ni wa wapi, na akikosa jibu nenda duka jingine.

Mashine nayo iangalie: Xbox Series S haina mlango wa diski, na PS5 Digital Edition huja bila huo mlango. Mwenye hizo kwa kawaida atapakua tu, kwa hiyo ahesabu bando na nafasi iliyobaki ndani ya mashine.

Nyumba yenye watoto na Switch, ushauri wangu ni kadi ya 2022. Ina nyimbo 40, bando likiisha watoto wanaendelea, na wakiichoka unaiuza au unamwazima jirani. Nyimbo za ziada za kulipia usajili ni jambo jingine: usipolipa, zinafungwa. Ya kupakua inamfaa asiyependa kubadilisha kadi kila mara, na anayeweza kusubiri punguzo la bei.

Ukishaipata, sogeza meza ukutani. Kila mtoto avae kamba ya Joy-Con, ile rimoti ndogo ya Switch inayoshikwa wakati wa kudansi, kwenye kifundo cha mkono na kuikaza, maana ikichomoka katikati ya wimbo hutua kwenye kioo cha runinga. Wenye PlayStation au Xbox wapakue programu ya Just Dance kwenye simu. Simu ndiyo itakayoshikwa mkono wa kulia.