Kumwombea matibabu ya lazima ndugu anayelala barabarani: mwongozo kwa familia zilizoko California

Sheria ya California haimruhusu mtu yeyote kumpeleka ndugu yako hospitalini kwa nguvu kwa sababu tu hana makazi. Sheria iliyotungwa mwaka 1967 inaruhusu azuiliwe kwa muda usiozidi saa 72 pale ambapo, kutokana na ugonjwa wa akili, amekuwa hatari kwa nafsi yake au kwa wengine, au ameshindwa kujipatia chakula, mavazi au malazi. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliongeza kushindwa kujilinda na kushindwa kupata tiba ya mwili anayoihitaji, yakajumuisha pia uraibu mkali. Kazi yako, basi, ni kuonyesha kwamba kinachomzuia kujitunza ni ugonjwa, si umaskini.

Anza kuweka kumbukumbu leo. Kusema "amechanganyikiwa" hakumsaidii sana anayefanya tathmini ya kama anastahili kuzuiliwa. Andika tarehe na ulichokiona: "Kidonda cha mguuni kinatoa usaha, amekataa kufungwa bendeji akisema wauguzi watamwekea kifaa cha kumsikiliza." Ongeza dawa alizowahi kutumia, mahali alipolazwa, na yaliyotokea kila alipoziacha. Sheria inamtaka mwenye kutathmini azingatie historia ya ugonjwa inayotolewa na familia, kwa hiyo mkabidhi karatasi hizo. Hospitali inaweza kukataa kukupa habari za mgonjwa bila idhini yake, lakini haikatazwi kupokea zako.

Maisha yakiwa hatarini, piga simu 911 na useme tangu mwanzo kwamba tatizo ni la akili. Vinginevyo piga 988, namba ya msaada kwa dharura za akili. Ikiwa ana skizofrenia au ugonjwa wa jamii hiyo, ndugu wa karibu anaweza pia kupeleka ombi katika mahakama ya CARE, inayosimamia mpango wa matibabu na makazi.

Usidhani kwamba kuzuiliwa ni sawa na kulazimishwa kumeza dawa. Pasipo dharura, akikataa dawa za akili, ni lazima kwanza kifanyike kikao cha kusikiliza kama ana uwezo wa kuamua. Madaktari wakitaka kumshikilia siku 14 zaidi, ana haki ya kupinga. Naziunga mkono haki hizi kwa moyo wote: Kenneth Donaldson alifungiwa hospitalini Florida karibu miaka 15 kabla Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1975, haijaamua kwamba asiye hatari, na anayeweza kuishi salama akiwa huru, hawezi kuzuiliwa tu.

Jambo linalosahaulika zaidi ni siku ya kutoka, ambayo inaweza kuja hata kabla ya saa 72 kwisha. Mtafute ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku ile ile anapolazwa, umwulize kwa maandishi atalala wapi, miadi yake ya kwanza ni lini, na kama atapewa dawa za kumfikisha siku hiyo. Tayarisha nakala za kitambulisho na bima yake, kisha mpange nani atakayempokea mlangoni.