Dodoma–Dar kwa ndege, usihesabu saa ya angani peke yake
Jamani mnaotoka Dom kwenda Dar, kwa ndege ni kama kilomita 390 hivi, angani unakaa kama lisaa tu, lakini msipange kikao kwa kuhesabu hilo lisaa. Uwanja wa Dodoma uko mjini kabisa, boda dakika chache ushafika, kazi ipo ukishuka Dar maana foleni ya barabara ya Nyerere jioni mpaka ufike Posta inaweza kuzidi hata muda uliokaa angani. Mi najipa masaa manne toka natoka nyumbani, cheki-in humo humo. Treni ya SGR nayo ifikirieni, Dar inakushusha karibu na Kariakoo, ila stesheni ya huku Dom iko Mkonze, nauli ya kufika huko ihesabu pia.