Mafao ya kustaafu: anza na bahasha ya kaki, hela itafata

Kamwene wa Iringa na Njombe, wa Tukuyu ugonile, wengine habari za baridi.

Mimi nna kisteshenari huku Mwanjelwa, Mbeya, kopi, skani, picha za pasipoti, kujaza fomu za mtandaoni, ndo maisha. Wateja wangu wakubwa ukitoa wanafunzi ni wastaafu, na karibu wote wanakuja na stori moja, "mwanangu nimezungushwa", afu ukimwambia lete hiyo bahasha tuione unakuta tatizo limelala humo humo ndani tangu miaka ya 90. Mwaka jana ikawa zamu ya mama yangu mzazi, mwalimu wa msingi, nikajifunza kwa jasho langu mwenyewe. Sasa naandika hapa ili mwenye mzazi au shangazi anayekaribia 60 aanze mapema. Nazungumzia zaidi watumishi wa umma, yaani PSSSF, mfuko wao wa pensheni. Wa sekta binafsi wako NSSF, mengi yanafanana ila masijala zao (ofisi za mafaili) ni nyingine.

Kwanza elewa nani ni nani maana watu wanachanganya sana. PSSSF imeanza Agosti 2018, ikaunganisha mifuko ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF. Kwa hiyo mwalimu aliyekuwa PSPF hajapoteza kitu, michango yake ilihamia huko. Kila mwezi anakatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anaweka 15. Kustaafu kwa hiari ni 55, kwa lazima 60, na ili upate pensheni ya kila mwezi uwe umechangia angalau miezi 180, yaani miaka 15. Hapo hamna ugomvi. Ugomvi uko kwenye makaratasi.

Na karatasi namba moja ni BARUA YA AJIRA YA KWANZA. Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Mfuko wa PSPF ulianza kukata michango Julai 1999, kabla ya hapo watumishi wa serikali kuu hawakuwa wanakatwa, serikali yenyewe ndo iliyobeba huo mzigo (na ilikuja kuulipa mfuko kwa hati fungani ya trilioni 2 na ushee mwishoni mwa 2021). Maana yake kwa mtu aliyeajiriwa 1989 ni hivi, akifungua taarifa ya michango atakuta inaanzia 1999, ile miaka kumi ya nyuma ushahidi wake ni barua. Miaka hiyo inahesabika kabisa, lakini lazima ionekane uliajiriwa lini.

Mama barua yake ilikuwa imepigwa taipu kwenye karatasi laini kama ya kitunguu, imekunjwa mara nne, iko kwenye begi la chuma chini ya vitenge, na kwenye mkunjo ndo pale pale tarehe ilipo pametoboka. Inasomeka "Machi 19" basi. Faili la halmashauri nako nakala haikuwepo, halmashauri yenyewe siitaji, ila tulienda mara nne na kila mara masijala wanasema njoo Alhamisi. Mwisho tukapata nakala safi kwenye faili la pili. Na hili walimu wengi hawalijui au wamelisahau: mwalimu ana mafaili mawili, moja kwa mkurugenzi wa halmashauri, lingine kwenye ofisi ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu, ile iliyorithi kazi za TSD, idara ya zamani ya utumishi wa walimu. Moja likikosa karatasi, kagonge mlango wa pili. Kibali cha kustaafu cha mwalimu nacho kinatoka huko huko Tume, kwa hiyo safari ya kwenda iko palepale.

Ngoja nikuonyeshe kwa nini nililia na kile kitundu. Kikokotoo cha sasa kinakwenda hivi: unachukua miezi yote ya utumishi, unagawa kwa 580, unazidisha na mshahara wa mwaka. Mshahara wenyewe sio wa mwisho, ni wastani wa miaka 3 iliyokuwa mizuri zaidi ndani ya miaka 10 ya mwisho. Jibu lake ni pensheni kamili ya mwaka. Ukilizidisha na 12.5 ukachukua asilimia yako unapata mkupuo, yaani hela ya mara moja, kile kinachobaki ndo unalipwa kila mwezi mpaka Mungu akuite. Asilimia ya mkupuo ilikuwa 33 kuanzia Julai 2022, watu wakapiga kelele weee, kuanzia Julai 2024 ikapanda kuwa 40 kwa wale ambao zamani mifuko yao ilitoa 50 (PSPF na LAPF), na 35 kwa wale waliokuwa kwenye 25.

Tuseme wastani wa mshahara ni 1,200,000 na miezi 360, mtu wa PSPF ya zamani. Mwaka ni 14,400,000. Mara 360 gawa kwa 580 unapata kama 8,937,931. Mkupuo wake wa asilimia 40 ni 44,689,655 hivi, na kila mwezi ni 446,897. Sasa shika kalamu. Mwezi MMOJA ukipotea kwenye faili, kwa mshahara huo huo, umepoteza kama 124,000 kwenye mkupuo na 1,241 kila mwezi maisha yako yote. Mama kuanzia Machi 1989 hadi Juni 1999 ni miezi 124. Piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya milioni 15, zimekaa kwenye tundu la karatasi dogo kuliko ukucha.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa nenda katoe hizo barua kwenye begi. Ajira ya kwanza, kuthibitishwa kazini, kila kupandishwa daraja, kila uhamisho. Zipige picha, ziskaniwe, zitumwe kwenye email ya mtoto. Na tafadhali sana USILAMINETI. Kila wiki naletewa barua ya zamani iliyopita kwenye mashine ya laminesheni, wino umeyeyuka umekuwa kama uji wa ulezi. Bahasha ya kaki na nailoni inatosha.

Huku kwetu kuna kimeo kingine cha mikoa kugawanyika. Njombe ilitoka Iringa 2012, Songwe ikatoka Mbeya 2016, halmashauri ya Busokelo nayo ilimegwa kutoka Rungwe. Mtu wa Makete barua zake za zamani zote zinasema Mkoa wa Iringa, mtu wa Mbozi zinasema Mbeya, na mafaili yalipohamishwa sio kila karatasi ilipanda gari. Kama umewahi kuhama wilaya angalia miezi ile ya kuhama kwa jicho kali, maana ndo huwa inakuwa na pengo, wilaya ya zamani imeshakutoa kwenye orodha, mpya bado haijakuingiza.

Kuangalia michango sio lazima uende ofisini. Pakua PSSSF Kiganjani kwenye simu, jisajili, utaona mwezi kwa mwezi. Linganisha na slipu za mshahara. Ukikuta mwezi hauna kitu, anza kwa afisa utumishi wako, maana anayewasilisha mchango ni mwajiri, ukienda mfukoni moja kwa moja watakurudisha kwake tu. Andika barua, usiishie kuongea dirishani, na nakala yako ipigwe muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe. Neno la mdomo halina tarehe.

Sasa majina, hapa sisi wa nyanda za juu tunaumia kuliko wote nadhani. Mwaipopo kwenye cheti cha shule, Mwapopo kwenye cheki namba (namba ya utumishi), Mwaipopo tena kwenye NIDA ila jina la kati limegeuka la kwanza. Ile "i" baada ya Mwa inapotea hovyo kama mbuzi wa jirani. Kuna mama mmoja alikuwa anatumia jina la mume kwenye kazi na la baba yake kwenye NIDA, mume alishafariki na cheti cha ndoa kimeungua na nyumba, unaona ugumu wake. Tofauti ndogo ya herufi mara nyingi inamalizwa na hati ya kiapo kwa wakili au mahakamani. Jina likiwa tofauti kabisa wataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, ile watu wanaiita didi poli. Yoyote ile, ifanye ukiwa bado kazini, miaka miwili kabla, sio siku umeshakabidhi chaki.

Tarehe ya kuzaliwa usihangaike nayo. Ile uliyoandika siku unaajiriwa ndo hiyo hiyo utumishi unaitambua, hata shangazi yako aje aape kwamba ulizaliwa mwaka wa mafuriko. Kuna watu wanapoteza nauli za bure kwenda Dodoma kwa hilo.

Miezi sita kabla ya tarehe, barua ya kustaafu iwe imeshaingia. Afu ndo fomu ya madai, picha, kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki yenye jina lile lile (ile ile "i" jamani), slipu ya mwisho, kibali cha kustaafu, na zile barua. Mwajiri anapitisha, mfuko unapokea. Madai yakiwa yamekamilika sheria inawapa siku 60 kulipa, neno zito hapo ni yakiwa yamekamilika, siku hazianzi kuhesabika siku wewe umeacha karatasi kwa mhudumu.

Mambo mawili watu wanayadai sehemu isiyo yake. Hela ya kusafirisha mizigo kurudi kwenu hiyo ni ya mwajiri, sio ya mfuko. Malimbikizo ya mshahara nayo ni ya mwajiri, na yafukuzie kabla, maana daraja ambalo halijaingia kwenye mshahara halitaingia kwenye ule wastani pia.

Ukikaribia kulipwa simu zitaanza. "Shikamoo mwalimu, mimi ni afisa wa mafao Dodoma, faili lako liko mezani kwangu, kuna laki mbili ya kuharakisha." Anajua jina lako, shule, hata tarehe ya kustaafu, ndo maana wasomi wanaliwa. Hakuna malipo yoyote ya kupitisha mafao. Kata simu. Na wale wa mikopo ya kausha damu wanaoshika kadi ya ATM na namba ya siri, nshawaona wazee wanakuja kwangu kutoa kopi ya kitambulisho wapate kadi nyingine kwa siri, ile ya kwanza iko kwa mkopeshaji mwaka wa pili. Inaumiza kuangalia.

Kwa waliofiwa kwa kifupi, ile karatasi mnayopewa hospitali au kwa mtendaji ni kibali cha mazishi, SIO cheti cha kifo. Cheti kinatoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa wilayani ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Halafu kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, halafu Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi wa mirathi, ndo muende mfukoni. Na toeni taarifa ya kifo mapema, msiendelee kutoa hela ya marehemu kwenye ATM eti mpaka arobaini ipite, hilo ni deni na linaweza kuwa kesi.

Na kwa bibi ambaye hajawahi kuajiriwa popote, huko PSSSF hamna kitu chake. Zanzibar wana pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea tangu 2016, bara bado hatuna. Kwake mlango ni TASAF, mpango wa kunusuru kaya maskini, na jina haliombwi kwa mratibu wilayani, linaibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kwa hiyo siku ya mkutano awepo au awepo wa kumsemea. Mzee wa 60 na zaidi aulizie pia kitambulisho cha matibabu ya wazee kwa mtendaji.

Mwisho ni uhakiki. Mstaafu anatakiwa kuthibitisha yuko hai, sa hivi anaweza kujihakiki kwa Kiganjani, simu inasoma sura. Mama tulijaribu mara ya kwanza jikoni, Julai, moshi wa kuni, kajitanda shali mpaka puani kwa baridi, simu ikagoma. Mara ya pili akaona aibu akafumba macho. Ya tatu tukatoka nje mkabala na jua la asubuhi, shali chini, nikamwambia mama jifanye unaniangalia kama nimekosa, ikapita hapo hapo.