Kabla ya Kuhamia Texas kwa Sababu ya Unafuu wa Maisha

Wengi wanaohamia Texas kutoka Minnesota, Massachusetts au Maryland huja na hoja moja: Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Hoja hiyo ni ya kweli, na mwaka 2019 wapiga kura waliikaza zaidi kwa kuingiza katazo la kodi hiyo kwenye katiba ya jimbo. Lakini hiyo ni gharama moja tu kati ya nyingi, na nyingine ndizo zinazoamua kama mshahara utafika mwisho wa mwezi. Naandika kwa ajili ya anayeishi kwa mshahara wa saa, anayebeba boksi ghalani au anayehudumia wazee usiku, kwa sababu yeye ndiye anayeumia zaidi hesabu ikikosewa.

Anza na kipimo chenyewe. Bureau of Economic Analysis, ofisi ya takwimu za uchumi ya serikali kuu, hulinganisha bei za majimbo yote kwa kuipa nchi nzima alama 100. Kwa kipimo hicho Texas iko kwenye 97 hivi. California inapita 110, Arkansas na Mississippi ziko chini ya 90. Kwa hiyo Texas si jimbo la bei ya chini kama inavyosifiwa; ni jimbo la katikati. Minnesota, ambayo wengi wetu wanaikimbia wakisema ni ghali, iko kwenye 98 hivi, karibu sawa kabisa. Tena wastani wa jimbo unaficha mengi. Eneo la Dallas linavuka 100 kidogo, wakati McAllen kule mpakani mwa Mexico iko chini ya 90. Usiulize Texas ni bei gani. Uliza mji gani, na upande gani wa mji.

Kisha pima hiyo kodi unayoikimbia. Mtu asiye na familia anayepata dola 40,000 kwa mwaka Minnesota analipa kodi ya jimbo kama dola 1,300. Ukigawa kwa wiki, haifiki dola 30. Ni pesa, sikatai, lakini bima ya gari ikipanda tu inaweza kuimeza. Kodi za serikali kuu na makato ya Social Security, yaani pensheni ya serikali kuu, utaendelea kulipa kama kawaida. Anayepata dola 200,000 ndiye anayeona tofauti kubwa hasa, na ndiye sauti yake inayosikika zaidi kwenye sifa za Texas. Kodi ya mauzo nayo inafika asilimia 8.25 kwenye miji mingi, ingawa unga, mchele, nyama mbichi na dawa haviguswi.

Mshahara uangalie kabla ya matumizi. Kima cha chini Texas ni kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijaongezwa tangu 2009. Minnesota imepita dola 11 na jimbo la Washington limepita 16. Waajiri wengi wa Dallas na Houston hulipa zaidi ya kima hicho, lakini sheria haikushiki mkono ukikutana na asiyelipa. Pata ofa ya kazi iliyoandikwa kabla hujavunja mkataba wa nyumba unayoishi sasa.

Pango lina kizingiti chake. Wenye maghorofa wengi hutaka kipato mara tatu ya pango. Pango likiwa dola 1,300, watataka uonyeshe 3,900 kwa mwezi, na anayelipwa dola 18 kwa saa, akifanya saa 40 kwa wiki, hafiki hapo. Ndiyo maana ndugu wengi huanza kwa kushirikiana nyumba. Sheria ya Texas haiweki kikomo cha amana, ile pesa ya dhamana unayoweka unapoingia, na pango likipandishwa mkataba unapoisha hakuna wa kumlalamikia. Ukihama, mwenye nyumba ana siku 30 za kurudisha amana, lakini ni wajibu wako kumpa anwani yako mpya kwa maandishi. Wengi hupoteza hela hapo kwa kutojua tu.

Sasa umeme. Hapa ndipo wageni wanapoumizwa zaidi, kwa hiyo nivumilie kidogo. Tangu 2002 sehemu kubwa ya Texas, Dallas na Houston zikiwemo, mteja huchagua mwenyewe kampuni ya kumuuzia umeme. Austin na San Antonio hakuna kuchagua, kwa sababu shirika la umeme ni la mji. Bei ya uniti moja Texas iko chini ya wastani wa nchi, na hilo ndilo wanalokuambia. Wasilokuambia ni kwamba joto la mwezi wa saba na wa nane halikuachii kuzima kiyoyozi, hivyo unatumia uniti nyingi mno, na bili ya mwezi ya familia ya Texas kwa wastani iko juu ya ile ya kitaifa.

Kila mpango wa umeme una karatasi yake inayoonyesha bei kwa uniti 500, 1,000 na 2,000. Isome yote. Tuseme kampuni inauza uniti kwa senti 16, lakini inakurudishia dola 100 ukifikisha uniti 1,000. Ukitumia 1,000 kamili unalipa dola 60, na tangazo litasema senti 6 kwa uniti. Ukitumia 900 hurudishiwi kitu. Unalipa dola 144. Umetumia kidogo, umelipa zaidi ya mara mbili. Chukua bei isiyobadilika kwa mwaka mzima, isiyo na mitego ya marejesho. Wakati wa baridi kali ya Februari 2021, waliokuwa kwenye mipango inayofuata bei ya soko walipokea bili za maelfu ya dola. Kuna pia umeme wa kulipia kabla, kama LUKU, usiodai amana, lakini uniti zake kwa kawaida ni ghali zaidi.

Gari si hiari. Arlington, mji wa watu karibu laki nne, hauna hata mabasi ya kawaida ya ruti. Dallas na Houston zina mabasi na treni, lakini anayetoka zamu saa nane usiku hawezi kuyategemea. Familia yenye wafanyakazi wawili itahitaji magari mawili, na bima ya Texas iko juu ya wastani wa nchi, mvua ya mawe ikiwa sababu mojawapo. Omba bei ya bima kwa kutumia msimbo wa posta wa mtaa unaokwenda, kabla hujahama. Barabara za kulipia ni nyingi kuzunguka Dallas. Kibandiko cha malipo kiweke kwenye kioo mapema, kwa sababu bili inayokuja kwa posta ni ghali zaidi.

Ukifikiria kununua nyumba, kodi ya majengo ndiyo inayojaza pengo la ile ya mapato. Maeneo mengi hutoza kati ya asilimia 1.5 na 2 ya thamani ya nyumba kila mwaka, na wastani wa nchi ni kama 1. Nyumba mpya ina mtego wake: mwaka wa kwanza mara nyingi unatozwa kwa thamani ya kiwanja tu, mwaka unaofuata nyumba nzima inahesabiwa na malipo ya mwezi yanaruka kwa mamia ya dola.

Jambo linaloniuma zaidi ni matibabu, kwa sababu hakuna anayelitaja mpaka mtu augue. Texas haijapanua Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mtu mzima wa chini ya miaka 65 asiye na mtoto, mimba wala ulemavu hapati, hata awe maskini kiasi gani. Minnesota anapata, na mwenye kipato cha juu kidogo ya kiwango cha Medicaid ana MinnesotaCare, bima ya bei nafuu ya jimbo. Texas ndiyo jimbo lenye sehemu kubwa kuliko yote ya watu wasio na bima ya afya. Ukiwa na bima unakotoka, kuhama kunakupa siku 60 za kujiunga na nyingine, usiziache zipite. Na kabla hujasaini kazi, mwombe mwajiri akuandikie bima yake inakata kiasi gani kwa mwezi ukiwa peke yako, na kiasi gani ukimwandikisha mke na watoto. Tofauti ya hizo mbili kwa mwaka mara nyingi ni kubwa kuliko kodi yote ya jimbo uliyokuwa ukilipa.